Mafuta ya Nazi Kwenye Taipureta ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa hakunipa vifaa vyake vyote kwa siku moja. Alinipa kimoja kimoja, na kila kipya kilikuja baada ya yeye kuhakikisha kwamba kilichotangulia sijakipoteza.

Ilianza brashi ya meno, ile ngumu, iliyokatwa mpini ili iingie mahali pembamba. Ikafuata sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha gunzi, ya kuchokolea uchafu unaojaa ndani ya herufi zenye tumbo, a, e, o na wenzao. Halafu unyoya wa kuku wa kupakia mafuta, kipande cha fulana kuukuu kisichoacha nyuzi, na bisibisi ndogo kama ya fundi saa. Cha mwisho kilikuwa spoku ya baiskeli iliyokunjwa ncha kama ndoana, ya kuvutia springi zinazojificha tumboni mwa mashine. Hiyo niliisubiri karibu mwaka mzima. Vyote nilivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikawa nalilaza karibu na kichwa changu kama mtu anayelala na pochi.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Alikuwa mpiga chapa kiwandani, mjini Morogoro, tangu mimi sijazaliwa. Kiwanda kilipouzwa, wafanyakazi wengi walipunguzwa, naye akiwamo. Siku ya mwisho waliruhusiwa kununua vitu vya ofisi. Wenzake walichukua viti na makabati, yeye akachukua taipureta aliyokuwa akiitumia. Aliileta nyumbani kwetu Bigwa kwenye toroli, akaiweka kwenye baraza letu, na kesho yake asubuhi akakaa mbele yake amevaa sketi yake ya kazi, kana kwamba amehamishwa ofisi tu.

Zilikuwa nyakati ambazo kila mtu alikuwa akifungua kitu. Aliyekuwa karani alifungua duka, aliyekuwa dereva alifungua mashine ya kusaga, na kila aliyefungua alihitaji barua: ya leseni, ya kupanga chumba, ya kuomba umeme. Barua iliyoandikwa kwa mkono ilionekana ni ya mtu asiye na uhakika. Basi walikuja barazani kwetu, wakaketi kwenye benchi, wakaeleza shida zao, na mama mkubwa akazigeuza kuwa mistari iliyonyooka.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Mwandiko wangu ulikuwa wa polepole, na mbele ya wageni sauti yangu ilikuwa inakwama. Mama alinipa ndoo ya maandazi nikauze kando ya barabara. Siku tatu mfululizo nilirudi nayo ikiwa imejaa, kwa sababu sikuweza kuita wateja. Siku ya nne mama mkubwa alimwambia mama, "Niachie mimi huyu. Mashine haihitaji mtu wa kupiga kelele."

Ndivyo nilivyoanza. Kila jioni, kazi ikiisha, nilipangusa vumbi, nikasugua herufi, nikachokoa matumbo yake kwa sindano. Mama mkubwa alikuwa na sheria zake. Brashi isukumwe kuelekea kwako, usiusukume uchafu ndani. Mashine isilale wazi. Na mafuta, ambayo yalikuwa mafuta ya cherehani na si mengine, yawe tone moja tu, na yatiwe pale chuma kinapozunguka. Kwenye mifereji midogo iliyopangwa kama meno ya kitana, ambamo vijiti vya herufi hupanda na kushuka, yasitiwe kabisa. "Pale panapenda ukavu," alikuwa akisema. "Ukitia mafuta, umelikaribisha vumbi."

Niliyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na pengine ndiyo maana siku moja sikuyasikia.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba. Wiki iliyotangulia alikuja barazani mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kule juu mlimani. Alikuwa mtu wa Tabora, mrefu, viatu vyake vimejaa tope jekundu la njiani. Alieleza kwamba mwaka uliopita mtihani wa majaribio wa darasa la saba wa kata yao ulipigwa chapa mjini, na kabla ya siku yake maswali yakawa yanauzwa kama karanga. Mtihani ukafutwa. Watoto wa mlimani wakaenda kwenye mtihani wa taifa bila kujipima hata mara moja.

"Mwaka huu nimesema karatasi haitateremka mlima," alimwambia mama mkubwa. "Itapigwa chapa ofisini kwangu, itarudufiwa ofisini kwangu, na nitailalia. Mashine ya kurudufu ninayo. Taipureta sina, na mpiga chapa sina."

"Na wakubwa wako wamekubali?"

"Wamenipa mpaka Ijumaa. Ijumaa jioni stensili zote kumi na mbili zisipokuwa tayari, mratibu wa elimu wa kata anachukua maswali na kuyapeleka mjini kulekule."

Mama mkubwa alikubali. Baada ya mwalimu kuondoka alihesabu kwa vidole, kisha akasema, "Kumi na mbili ni siku tatu. Tukifika Jumatatu, tutamaliza na kupumzika." Nilimwona amefurahi. Tangu kiwandani hakuwa amepewa kazi ambayo watu wengi wangeitegemea.

Basi Jumapili mchana nikaifungua mashine niisafishe kwa ajili ya safari. Niliisafisha kama anavyosafishwa bibi arusi. Nilipofika kwenye mafuta, nikakuta chupa ya mafuta ya cherehani imebaki harufu tu. Duka lililokuwa likiyauza lilikuwa limefungwa. Ningeweza kumwambia mama mkubwa, naye angenituma kwa fundi cherehani wa jirani, na ningelazimika kubisha hodi, kusalimia na kuomba. Kwenye dirisha la chumba chetu ilikuwepo chupa ya mama ya mafuta ya nazi, anayopaka nywele. Yalikuwa maangavu na mepesi kama maji. Nyumbani kwetu mafuta hayo yalipakwa kila mahali, kwenye nywele, kwenye visigino, kwenye bawaba za mlango. Nikachovya unyoya.

Na kwa kuwa yalikuwa mengi, na kwa kuwa nilitaka mashine ipendeze, sikutia tone moja. Nilitia kila mahali, mpaka kwenye ile mifereji inayopenda ukavu. Nikajaribu vitufe, vikaruka kama panzi. Mama mkubwa alipita, akagonga mstari mmoja, akaniangalia.

"Leo umeiweza," alisema.

Nilifurahi mpaka nikaipangusa upya, ingawa ilikuwa safi.

Tuliondoka alfajiri ya Jumatatu. Mashine ilikuwa kichwani kwangu, juu ya ngata, imefungwa kwa kanga mbili. Mama mkubwa alibeba mfuko wa nguo na kopo langu la vifaa. Tulipishana na wanawake wakiteremka na matenga ya kabichi kwenda sokoni, nao walituuliza tunapeleka nini juu, maana kwa kawaida vitu vizito huteremka. Mama mkubwa aliwajibu kwa Kiluguru, wakacheka. Mimi nilikisikia lakini sikuwahi kuthubutu kukisema mbele ya watu.

Tulifika saa nane mchana, jua kali, shati langu limeloa. Mwalimu mkuu alitupokea uwanjani.

"Nyie Waluguru! Mbona mmebeba mzigo kama mnakwenda kuzika?"

Mama mkubwa hakuchelewa. "Kubeba mizigo ni kazi yenu Wanyamwezi, toka enzi za misafara. Sisi tunajaribu tu."

Ulikuwa utani wa makabila, na ukishaanza hauna mwisho. Mtani anaweza kukutukana, anaweza kukuchukulia kitu chako, nawe huruhusiwi kukasirika. Mimi nilisema, "Shikamoo mwalimu," nikatazama chini. "Marahaba, mtani," mwalimu aliitikia. "Wewe ndiye fundi? Fundi asiyesema ni hatari, hatujui anachofikiria."

Mchana ule mama mkubwa alipiga kichwa cha stensili ya kwanza, mashine ikaitika vizuri. Akaifunika. Tukapewa chumba kwenye nyumba ya mwalimu, tukala, tukalala mapema kwa uchovu.

Jumanne asubuhi kulikuwa na baridi ambayo Bigwa hatuijui. Pumzi zilitoka mdomoni kama moshi. Mama mkubwa aliketi, akaweka stensili, akagonga herufi ya kwanza. Kijiti kikainuka nusu ya safari, kikasimama hapohapo hewani, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Akakirudisha kwa kidole. Akagonga nyingine, nayo ikasimama. Akagonga mbili kwa pamoja, zikashikana.

"Imetikisika njiani," alisema, bila kunitazama.

Niligeuza mashine, nikachungulia chini yake, nikatafuta springi iliyochomoka. Zote zilikuwa mahali pake. Tulihangaika asubuhi nzima. Karibu na saa sita ukungu ukafunguka, jua likaingia dirishani na kuangukia meza, na baada ya muda mfupi mashine ikaanza kwenda yenyewe, taratibu kwanza, kisha vizuri kabisa. Mama mkubwa hakuuliza swali. Aligonga bila kuinua kichwa.

Mwalimu mkuu aliingia, akasimama mlangoni, akavuta hewa puani.

"Mbona ofisi yangu inanukia wali wa nazi?"

"Njaa yako hiyo," mama mkubwa alisema.

"Na mashine imepona?"

"Imepona."

"Mashine ya Kiluguru hii. Haiamki mpaka jua litoke."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, na nilikuwa nimeshaelewa. Kila mwezi wa sita na wa saba, nyumbani, chupa ya mama huganda asubuhi na kuwa nyeupe kama mshumaa, naye huiweka juani ndipo ajipake. Nimeiona chupa ile tangu nikiwa mtoto. Sikuwahi kufikiri kwamba kilichomo ndani ya chupa kikitiwa kwenye chuma kitafanya vilevile.

Ningesema pale pale. Wote walikuwa wanacheka, na mtani hakasiriki. Nilifungua mdomo, nikaona mgongo wa mama mkubwa ulivyonyooka akifanya kazi, nikaufunga. Nikajiambia kwamba kesho jua litawahi. Alasiri alimaliza stensili ya pili, jua likaondoka mezani, mashine ikaanza kuzubaa tena. Mbili kati ya kumi na mbili.

Inafaa nieleze hapa kazi ya stensili, maana ndiyo iliyofanya hali iwe mbaya zaidi. Stensili ni karatasi yenye nta. Unaondoa utepe wa wino, na herufi inagonga nta moja kwa moja na kuikata, na wino wa kurudufu utapita hapo ilipokatwa. Herufi ikigonga kwa uvivu haikati. Na ile nta inayokatwa hujaa kwenye matumbo ya herufi, kwa hiyo kila baada ya ukurasa ni lazima mtu apite na sindano na brashi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Jumatano jua halikutoka kabisa. Ukungu ulikaa juu ya shule kama shuka lililoanikwa, hata mlingoti wa bendera hatukuuona. Mashine ilikataa. Mama mkubwa alijaribu mpaka saa nne, kisha akaweka mikono mapajani.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshika kipande cha karatasi. Mratibu alikuwa amemtuma mtu kuuliza kazi imefika wapi, na mjumbe alikuwa nje akisubiri jibu.

"Niandike nini?" mwalimu aliuliza. Safari hii hakutania.

Mama mkubwa alichukua kanga moja, akaanza kuifunika mashine, pembe moja baada ya nyingine. "Mwandikie ayachukue maswali. Mimi nimekuletea mzigo wa bure. Mashine hii imekufa, mwalimu. Nadhani hata kiwandani walijua inakufa, ndiyo maana waliniachia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini alikuwa akifunga fundo la kanga, linafunguka, anafunga tena.

Sijui nilichokiona kwenye fundo lile. Ninachojua ni kwamba niliogopa zaidi kukaa kimya kuliko kusema.

"Mama mkubwa, haijafa. Ni mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya nazi. Ya mama, ya nywele. Ya cherehani yalikuwa yamekwisha. Yameganda kwa baridi."

Mwalimu mkuu alianza kutikisika mabega, akajizuia, akashindwa.

"Kumbe mmeisuka nywele! Mimi nashangaa ofisi inanukia saluni!"

Mama mkubwa hakucheka. Alinigeukia.

"Umejua tangu lini?"

"Jana mchana."

"Jana mchana," alirudia. Alitazama saa ya ukutani, kama anahesabu. "Kukosea mafuta, mtu yeyote atakosea. Lakini jana mchana ulikuwa unajua, na mimi leo nimeamka nikaja kuipigapiga mashine kama kichaa. Hiyo siku ndiyo uliyoninyima."

Nililia, lakini kidogo, kwa sababu mwalimu alikuwepo.

"Mtani," mwalimu alimwambia mama mkubwa, kwa upole sasa, "mimi nakutoza faini ya jogoo kwa kunukisha ofisi ya serikali. Lakini niambie, inaponyeka?"

"Muulize fundi."

Aliniuliza mimi. Nilisema inaponyeka, ila inahitaji moto, mafuta ya taa, na mafuta ya cherehani.

Mwalimu aliinama, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akakisoma kwa sauti kabla ya kumpa mjumbe: "Kazi inaendelea. Mashine inaogeshwa."

Mama mkubwa aliuchukua mfuko wake, akatoa kopo langu, akaliweka mezani mbele yangu. Kisha akafanya jambo ambalo nimelishukuru kuliko mengine yote aliyonifanyia. Hakuishika mashine. Alivuta kiti kando, akachukua maswali ya Jiografia, akaanza kuyasoma na kupanga kurasa zake, kama mpiga chapa anayemsubiri fundi amalize. Angeweza kuifungua mwenyewe, na kwa haraka zaidi. Aliniachia.

Jiko la mkaa lililetwa, tukaliweka chini ya meza ya bati huko nje barazani, mashine ikiwa juu ya meza, mbali kidogo, joto lipande bila kuunguza. Mafuta yalianza kulainika, yakatiririka. Niliyafuta kwa fulana mara nyingi, mpaka kitambaa kikaacha kutoka na unyevu. Jiko likaondolewa kabisa, likapelekwa jikoni, ndipo nikafungua mafuta ya taa, maana moto na mafuta ya taa mama mkubwa alikwishanifundisha kwamba havikai baraza moja. Nilichovya brashi, nikasugua mfereji mmoja baada ya mwingine, yote arobaini na zaidi, nikivuta kuelekea kwangu. Spoku ilinisaidia kuzishusha springi mbili ili niufikie uchafu uliojificha nyuma yake. Mikono iliniganda, nikawa naipulizia. Kila nilipodhani nimemaliza, nilinusa. Pua ikisikia nazi, nilirudia.

Saa tisa mashine ilikuwa kavu, safi, na inalia kwa kukosa mafuta pale panapozunguka.

"Juu ya njia, nyumba ya tatu, kuna fundi cherehani," mwalimu mkuu alisema. "Nimtume mtoto?"

Mama mkubwa aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Nikasema, "Nitakwenda mimi."

Fundi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anashona sare za shule. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu, mpaka yeye ndiye aliyeanza.

"Mlango huo haujakatazwa, mjukuu. Pita."

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeleta nguo au umeleta ubaridi tu?"

"Naomba mafuta ya cherehani, babu. Kidogo. Ya taipureta ya mtihani."

Aliposikia mtihani aliacha kukanyaga. Alisema mjukuu wake alikuwa darasa la saba, na mwaka uliopita kaka yake ndiye aliyefutiwa. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kichupa kilichobaki nusu.

"Una cha kupakia?"

Nikamwonyesha unyoya.

"Ahaa. Na kuku mwenyewe anajua?"

Nilicheka, nikashangaa kujisikia nikicheka nyumbani kwa mtu nisiyemjua. Alinipa kichupa chote. Nilimwambia nusu inatosha. Akasema, "Cherehani yangu itasubiri gulio. Mtihani unasubiri?"

Nilirudi mbio. Nilitia tone moja moja, mahali sita tu, na kwenye mifereji sikutia kitu. Mama mkubwa alikuja, akapitisha kidole chake kwenye vijiti vya herufi, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayepapasa kitana. Akanusa kidole. Akaingiza karatasi, akagonga sentensi moja, akaiondoa, akaweka stensili.

Alhamisi tulianza kulipopambazuka, baridi ileile, ukungu uleule. Kila kijiti kilipanda mpaka mwisho na kurudi. Alipiga stensili tano siku hiyo. Baada ya kila ukurasa alisogeza kiti, mimi nikaingia na sindano na brashi, nikatoa nta, nikatoka, naye akaingia. Hatukuongea sana. Mwalimu mkuu alipita mara kwa mara kuulizia jogoo wake.

Ijumaa asubuhi mama mkubwa alinipa kazi nyingine. Alinipa stensili za Hesabu na maswali yaliyoandikwa kwa mkono, nilinganishe. Nilimwambia mimi nasoma polepole. Akasema anajua. Niliweka kidole kwenye neno la mwalimu, na kidole kwenye neno la mashine, nikaenda hivyo neno kwa neno. Kwenye swali la kumi na tisa, mwalimu alikuwa ameandika machungwa 63 yagawanywe kwa watoto saba. Stensili ilisema 36. Nilirudia mara tatu kabla ya kumwonyesha.

Aliangalia, akachukua kichupa cha dawa ya kufutia, akapaka, akasubiri ikauke, akagonga upya.

"Macho yangu yanapanda gari," alisema. "Yako yanatembea kwa miguu. Yanaona vilivyoanguka njiani."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano aseme nami jambo lisilo la kazi, ingawa lilikuwa la kazi. Nikainamia karatasi nisionekane uso.

Stensili ya kumi na mbili ilitoka kwenye mashine saa kumi kasorobo. Mratibu alifika saa kumi na moja, amevaa koti kubwa, tayari kuyachukua maswali. Mwalimu mkuu alimfungulia kabati, akamwonyesha zote kumi na mbili zimening'inia, akafunga tena, akaweka ufunguo mfukoni. Mratibu alikunywa chai akateremka mikono mitupu. Jumamosi tulirudufu. Mwalimu alizungusha mpini, mimi nilipokea karatasi, mama mkubwa alipanga na kubana. Vifurushi vilifungwa kwa gundi na kupigwa mhuri, na mwalimu mkuu, kama alivyoahidi, alilala ofisini juu ya mkeka, vifurushi vikiwa chini ya meza.

Tungeweza kuteremka Jumapili. Mama mkubwa alisema tusubiri.

Jumatatu walianza kuja kabla ya kengele, kutoka shule zote za kata. Wengine walikuwa wametembea tangu giza, miguu imelowa umande mpaka magotini, kalamu wamezishika mkononi zisidondoke. Mjukuu wa fundi nilimtambua kwa sare mpya iliyoshonwa kwa uzi uleule uliofunga miwani ya babu yake. Waliketi mmoja mmoja kwenye dawati. Mwalimu mkuu aliwaonyesha mhuri haujaguswa, akakata kifurushi, akagawa.

Mimi na mama mkubwa tulisimama nje ya dirisha la mwisho. Kwanza hakuna aliyeandika. Waliinamia karatasi, midomo ikicheza, vidole vikifuata mstari, polepole, kama ninavyosoma mimi. Nilisubiri mmoja wao aone herufi isiyosomeka, ainue mkono, aulize. Hakuna aliyeinua. Mmoja akageuza ukurasa, halafu mwingine, halafu sauti ya karatasi ikapita darasa zima.

"Wanaona," mama mkubwa alisema.

Tulisimama mpaka mtoto wa mwisho, msichana mdogo wa dawati la nyuma, naye akageuza. Ndipo nikaenda ofisini kuifunga mashine.